Jina Lililopigiwa Kura

Jina la mtoto wa ndugu yangu nililisikia kwa Gathii, mwalimu wa Kemia, tukiwa tunakunywa chai ya saa nne katika chumba cha walimu, Bungoma.

"Hongera, Mwalimu Joan," alisema akininyooshea simu. "Kumbe mmepata Atlasi!"

Kwenye kioo alikuwemo Kevin, kitinda mimba wetu, amevaa kofia nyumbani kwake kama mtu anayenyeshewa, akiwashukuru wafuasi wake kwa kupiga kura. Walikuwa wamepewa majina kadhaa wachague. La mama yetu halikuwemo.

Chai ilinipalia. Hebu fikiria. Watu wa Australia na watu wa Kayole, wamejinyoosha kwenye makochi wakibonyeza simu, ndio wanampa jina mtoto wa kwetu Kabuchai, na mimi senge wake sina habari! Kwetu Wabukusu mtoto hurithi jina la mtu aliyelala, na senge, yaani shangazi upande wa baba, huulizwa kabla ya jina kutamkwa. Mama yetu, Nanyama, tulimzika mwaka jana. Mke wa Kevin alipokuwa mjamzito, Mama alinijia ndotoni, amesimama kwenye mlango wa jikoni na kikapu mkononi, akiniangalia bila kusema neno, kama mtu aliyekuja kuchukua chake. Marehemu akija hivyo hakuna mjadala. Nilimwambia Kevin kwa simu. Akasema, "Sawa, dada." Sawa yake ndiyo hiyo.

Kevin hutengeneza simu pale Kitale, na kazi hiyo anaiweza. Balaa ni ile chaneli yake, Macho Juu. Tangu mwezi wa saba hakuwa na habari nyingine ila kile kitu wanachokiita Atlasi, kilichotoka nje ya jua letu na sayari zake, kikakatiza huku kwetu kwa kasi ya ajabu. Ni cha tatu cha aina hiyo kuwahi kuonekana. Hilo ni kweli, nami silikatai. Nafundisha Jiografia, na wanafunzi wangu niliwachorea njia yake ubaoni. Lakini Kevin hakutaka kitu. Alitaka meli, yenye injini na wenyewe ndani.

Jumamosi hiyo nikadamka kwenda Kitale. Nyumba yao iko Kibomet, nyuma ya duka la mbegu. Nilikuta sebule imegeuzwa anga: ukutani kitambaa cheusi kilichobandikwa nyota za karatasi ya kung'aa, taa ya mviringo imewashwa mchana kweupe. Chepkosgei, mke wake, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jikoni, mtoto kifuani. Ni mtu wa Endebess, mpole, asiyeongea sana. Nilimsalimu, akaniandalia chai na ndizi, nikamchukua mtoto mikononi.

"Nanyama," nikamwambia mtoto, "karibu nyumbani, mama."

"Ako na jina, dada," Kevin akasema kutoka kwenye taa yake.

"Jina gani? Lile la kura?"

"Si ni demokrasia, bana. Watu wamependa."

"Watu gani? Kuna hata mmoja atakayembeba akiwa na homa?"

"Dada, si ungeelewa kwanza. Huyu mtoto alizaliwa ile wiki hii kitu ilikuwa karibu kabisa na jua. Hiyo ni ishara."

"Ishara ya nini? Atlasi si jina la hicho kitu chenyewe, Kevin. Ni jina la darubini zilizokiona! Mgeni amepita, na wewe unampa binti yetu jina la miwani ya jirani aliyemwona akipita."

Kevin huwezi kumnyamazisha kwa hoja moja. Alivuta kiti, akaanza kunihesabia vidoleni. Ati kitu hicho kilipita karibu na mstari ule ule ambao sayari zetu huzunguka, kana kwamba kimesoma ramani. Ati mvuke wake una nikeli, na nikeli hutumika kuunda vyombo. Ati kuna profesa mkubwa huko Marekani amesema tusilifunge hilo swali. Na zaidi ya yote, ati wakati wa kufika karibu na jua kilijificha.

"Kilijificha!" Nilipiga goti langu kofi hadi mtoto akashtuka. "Sisi tulikuwa upande huu wa jua na chenyewe upande ule. Nikisimama nyuma ya ghala la jirani yetu Kizito hunioni, je, nimejificha? Ni barafu, Kevin. Barafu na vumbi. Ikikaribia jua inapata joto, inatoa mvuke, mvuke unakuwa mkia. Nyotamkia za hapa kwetu zinafanya vivyo hivyo."

"Lakini hiyo nikeli..."

"Nikeli iko hata kwa nyotamkia za kwetu. Ukiona moshi nyuma ya kilima msimu huu, unasema nini? Unasema kuna mtu anachoma mabua ya mahindi. Husemi kuna wageni wametoka mbali wanawasha mtambo."

"Hata wewe huwezi sema haiwezekani."

"Siwezi. Wala siwezi kusema haiwezekani kwamba ng'ombe wa Kizito huongea Kiswahili akibaki peke yake zizini. Lakini simpi mtoto jina kwa ajili ya hiyo!"

Mtoto alianza kulia. Nilimtikisa, nikamwimbia, nikamwita Nanyama, akazidi. Kevin akamchukua, akamwita Atlasi, mtoto akalia mpaka uso ukawa mwekundu. Mimi nilimwambia Kevin kwamba mtoto analilia jina la bibi yake, maana kila mtu kwetu anajua mtoto asiyepewa jina lake hatulii. Kevin akasema analia kwa sababu mimi napiga kelele. Chepkosgei alisimama, akamtwaa mikononi mwa Kevin, akarudi kigodani, akamnyonyesha. Kukawa kimya, nasi tukatumia kimya hicho kuendelea kubishana.

Mchana, nilipokuwa nimeshatangaza kwamba siondoki Kibomet mpaka jina la mama yangu litamkwe mbele yangu, Kevin aliifunga simu kwenye kile kijiti chake cha miguu mitatu. Ilikuwa saa ya kuwaonyesha wafuasi mtoto. Ndiyo, alikuwa amewaahidi! Nilimwuliza kama mtoto ni mbuzi wa mnada. Yeye alikuwa akinyoosha kofia. Mlangoni aliingia Agneta, mama Derrick, jirani yao, na chupa ya uji wa mzazi, akakaa kando ya Chepkosgei.

"Niaje, wasee wa Macho Juu!" Kevin alianza, sauti imebadilika, tamu kama ya mtu wa kuuza dawa ya meno. "Leo mtamuona Atlasi mwenyewe. Acha niwaambie vile ilikuwa. Hiyo asubuhi, wasee, nilikuwa hapa hapa. Nimemshika kwa hii mikono, bado ana joto ya tumbo ya mama yake, na huko juu ile meli inapita kando ya jua. Nikasikia kama inanisalimia."

Agneta aliiweka ile chupa chini kwa kishindo.

"Ulikuwa hapa wapi, Kevin?" aliuliza.

"Mama Derrick, tuko hewani, tafadhali."

"Nauliza tu. Ulikuwa hapa upande gani? Kwa sababu mimi nilikuwa hapa na sikukuona."

Nilimgeukia Kevin. Uso wake ulikuwa umelegea. Alinyoosha mkono kuzima simu.

"Usizime," Chepkosgei akasema.

Sijawahi kumsikia akitumia sauti ile. Haikuwa kubwa. Alisimama, mtoto begani, akaja akasimama chini ya nyota za karatasi, akaiangalia simu kisha akatuangalia sisi.

"Uchungu ilinishika nikikoroga uji," alisema. "Nilimpigia, nikampigia, nikampigia. Simu haikushikwa. Ilikuwa inarekodi mbingu. Mtoto hakungoja hospitali, hakungoja hata maji ichemke. Alitokea hapo kwa mlango ya jikoni, nikiwa nimeshika fremu, na Agneta akamshika na leso yake. Kevin alikuja nikiwa nimeshaoga."

"Chepkosgei, mama, hukuniambia," nilisema.

"Hukuuliza, Auntie. Umefika, umekunywa chai, umesema jina. Hujaniuliza nilijifungua wapi. Hujaniuliza kama nilishonwa. Tangu huyu mtoto akuje, nyinyi wawili mnabishana kama ile kitu ya mbinguni iko na mtu ndani. Mimi nilikuwa na mtu ndani miezi tisa, na hakuna mwenye aliniuliza kitu."

Agneta alijifuta macho na ncha ya leso. Kevin alikuwa ameivua kofia na hakujua pa kuiweka.

"Sasa mimi nawaambia," Chepkosgei aliendelea. "Kwetu mtoto anaitwa vile alikuja. Mwenye amekuja mbio hivi anaitwa Jepchirchir. Hiyo jina haipigiwi kura. Haiotwi. Wenye walikuwa hapo wanaijua."

Nilitaka kumwambia kwamba senge ana haki yake, kwamba mama yangu alisimama mlangoni na kikapu, kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba na mambo hayaendi hivi. Kisha nikauona mlango wa jikoni, ule aliokuwa ameushika. Nilikuwa na hasira. Hasira na Kevin, hasira na chaneli yake na wafuasi wake, na hasira na mimi mwenyewe, mwanamke mzima aliyezaa watatu, niliyekaa mle ndani nusu siku nikitetea barafu. Nilimsogezea Chepkosgei kiti. Hakukaa.

"Waambie ulikuwa wapi," alimwambia mume wake.

"Tutaongea baadaye, mama watoto. Si mbele ya watu."

"Wewe ndiye umewaleta. Waambie."

Kevin aliiangalia simu. Watu walikuwa bado wamo, tena wanaongezeka. Mioyo myekundu ilikuwa ikipanda kando ya uso wake kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine.

"Nilikuwa mlimani," alisema hatimaye. "Huko juu ya Endebess, na vijana wa kikundi."

"Ukitafuta nini?"

"Ile meli."

"Uliiona?"

Mtoto alipiga chafya begani mwa mama yake.

"Hapana," Kevin alisema. "Kulikuwa na mawingu."