Ubao wa Emil Prohaska

Watu walikuwa wameshaanza kutoka. Verlene Aasen bado alisimama mbele ya ukumbi, maneno mdomoni, na viti vya chuma vinakunjwa kwa kelele. Alikuwa amesema jambo moja tu: kodi iongezwe kidogo, wodi ya wazazi ya hospitali yetu isifungwe.

Alikuwa mjumbe wetu kwenye baraza la jimbo, Dakota Kusini, kwa chama cha Tembo. Huku kwetu Tembo hashindwi, kwa hiyo uchaguzi wenyewe ni mchujo wa Tembo wa mwezi wa sita, waliojiandikisha chamani wanapomteua mgombea wao. Ule wa Novemba ni mazishi tu ya Punda, chama cha upinzani.

Darrold Huisman, mwenyekiti wa chama wilayani, alimngoja mlangoni.

"Mama, tia sahihi ile ahadi. Hakuna kodi mpya, basi. Kent Rusch anayekupinga kwenye mchujo keshatia."

"Na binti yako mwenye mimba atazalia wapi, Darrold?"

Huisman akamvuta kando. "Nikisema hayo unayosema, wiki ijayo kiti changu anakalia mwingine. Unadhani nawaongoza hawa? Natangulia tu, wao wananisukuma."

Msimu ule nilikuwa naendesha trekta la Emil Prohaska, jirani yake Verlene, Punda tangu kuzaliwa. Verlene alipita kwetu kesho yake, akakatiwa kipande cha pai.

"Si uje kwetu?" Emil akamwambia.

"Kwenu? Mkutano wenu mzima unaenea kwenye pikapu moja."

"Tunabanana."

"Na mkipata mtu wa maana mnamfukuza. Novotny mlimfanyaje?"

Emil akajikatia kipande kingine. Novotny alikuwa Punda aliyekubalika kuliko wote, wakamwonyesha mlango kwa sababu alitetea bunduki zake za kuwindia. "Zamani tulikuwa chama cha wakulima," akasema. "Siku hizi sijui ni cha nani. Mimi nimo tu."

"Basi simama bila chama," nikasema.

Wakanicheka wote wawili. "Wewe mzururaji," Emil akasema, "huku asiye na chama ni kama nguzo ya simu. Nani ataipigia kura nguzo?"

Ndipo Emil alipopata wazo lake. Aliukusanya ukoo wake, akaupeleka ofisi ya wilaya, wote wakajiandikisha Tembo ili wampigie Verlene kwenye mchujo. Sheria inaruhusu. Angeishia hapo, pengine pangekuwa na nafuu. Lakini kwetu anayemtaka mtu humwekea ubao wenye jina lake mbele ya nyumba. Emil aliusimika wa Verlene kando ya barabara kuu, palepale ambapo miaka yote zilisimama mbao za Punda. Nguzo akazipaka rangi.

Mpaka Jumapili kila mtu alikuwa ameuona. Kwenye mkahawa wakaulizana: "Prohaska akimpenda mtu, mtu huyo ni wetu kweli?"

Verlene alikuja mbio, gari hakulizima.

"Emil, ndugu yangu, umeniua."

"Mimi? Nimekuletea ukoo mzima!"

"Na kila anayepita hapa ananipunguzia kura."

"Basi naung'oa."

"Ung'oe!" Kisha akamshika mkono. "Hapana. Ukiung'oa watasema nina la kuwaficha. Uache. Ngoja kwanza..."

Tukasimama watatu, mikono juu ya ubao, hakuna anayevuta. Gari la Huisman likapita, likapunguza mwendo, likapiga honi.

Verlene akashusha mkono. "Hata ile ahadi nikiitia sahihi leo, nani ataniamini?"

Alishindwa mchujo kwa kura chache. Novemba Rusch hakuwa na mpinzani. Punda hawakupata wa kumsimamisha. Alikaa muhula mmoja, akaunga mkono ukarabati wa madaraja kwa fedha za kodi, akaambiwa amelegea, akaondolewa na mwingine aliyetia sahihi ahadi ndefu zaidi. Wodi ilifungwa mwaka uleule wa mchujo wa Verlene, kabla ya theluji. Binti yake Huisman alijifungulia Aberdeen, mwendo wa saa mbili, salama. Wengine walijifungulia njiani. Huisman bado ni mwenyekiti. Verlene aliuza ng'ombe, akahamia Minnesota kwa dada yake. Emil hakwenda tena ofisi ya wilaya kujirudisha Punda. Alikufa Februari, kwenye karatasi akiwa Tembo. Mimi nilikwenda Montana kwenye mavuno ya ngano.