Sarafu Iliyooshwa

Tangu David aende kuchimba shaba upande wa Kolwezi, mama yake Brigitte hakuweza kusikia lango likigongwa bila kuruka. Mwanzoni kijana alikuwa akipiga simu. Kisha simu zikakatika, mvua zikaja, zikaisha, na kimya kikabaki palepale. Kwa hiyo kijana mmoja mwembamba alipobisha kwao, mtaani Kamalondo, na kuuliza kama ni kwa mama yake David, Brigitte alimvuta ndani kwa mkono.

"Jina yangu Caleb, mama. David alinituma. Iko muzuri. Iko ku Zambia sasa, alipata kazi kule. Alisema nikupatie hii, ujue ni yeye kweli."

Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na sarafu moja inayong'aa.

"Papa!" Brigitte aliita, sauti ikimpasuka kwa furaha. "Papa, kuya uone! Mutoto iko muzima!"

Mzee Donat, baba yake, mstaafu wa reli, alitoka chumbani akifunga vifungo vya shati. Aliipokea sarafu, akaijua papo hapo. Ilikuwa faranga tano ya Katanga, ya mwaka wa sitini na moja, yenye msalaba wa shaba upande mmoja na ndizi upande wa pili. Tena ilikuwa na lile pengo dogo ukingoni. Ndiyo aliyompa mjukuu wake siku ya kuondoka, akaitoa katika sarafu za zamani alizokusanya maisha yake yote.

"Ni yake," alisema. Brigitte akakimbilia jikoni kumtafutia mgeni chakula.

Donat alivuta kiti mpaka mlangoni, mahali ambapo mwanga wa mchana uliingia kwa upande. Alipompa David, sarafu hiyo ilikuwa na weusi wa kahawa iliyoungua. Sasa ilikuwa na rangi ya waridi, kama ngozi mpya juu ya kidonda. Aliiinamisha huku na huku. Shaba ambayo haijaguswa, ukiigeuza, mwanga hutembea juu yake. Hapa mwanga ulisimama tu. Chini ya mng'ao aliona mikwaruzo midogo mingi, yote imelala upande mmoja, kazi ya mtu aliyesugua kwa nguvu. Na kandokando ya herufi kulikuwa na kitu cha manjano kilichoganda. Akakigusa kwa ukucha, kikabanduka utando mwembamba. Verni, rangi ya kung'arishia.

Akaifumba kiganjani.

David alikulia mezani kwa babu yake, akijifunza kukataa sarafu zilizosafishwa, maana kuzisugua huziondolea thamani. Siku moja, angali mdogo, mama yake aliosha moja kwa limau akidhani anamsaidia, na mtoto akalia mpaka akakataa kula. Mtu huyo hawezi kusugua sarafu hii. Aliyeisugua ni mwingine. Na wakati huyo mwingine anaisugua, David mwenyewe alikuwa wapi?

"Caleb," Donat alisema polepole. "Nani alisafisha hii falanga?"

"Ni David, Papa."

"Hapana, mwanangu."

Jikoni Brigitte alikuwa akiimba wimbo wa kanisani. Caleb alitazama sakafu, midomo ikimcheza.

"Bulongo ya mugodi ilianguka, Papa," alinong'ona. "Yeye alikuwa mu shimo, shiye tulikuwa inje. Tulichimba na mikono. Tulipomufikia, alikuwa ameishika hii. Ilijaa damu. Nikasema, mama yake asione damu ya mutoto. Niliosha, haikutoka. Nikasugua na muchanga, ikabaki na alama mubaya. Ndiyo nikapaka verni ya makucha ya muke wangu."

"Na Zambia?"

"Nilikuya na maneno ya kweli. Nilipomuona mama namna ananiangalia, ikakataa kutoka."

Donat aliifunga sarafu ndani ya kitambaa. Miaka yote alikuwa akiwagombeza watu wanaosafisha sarafu. Safari hii hakumgombeza Caleb.

"Na yeye mulimuosha?"

"Tulimuosha, Papa. Na maji yetu ya kunywa, juu hatukukuwa na ingine. Tulimuzika chini ya kilima." Caleb akamshika mzee goti. "Papa, tumuachie mama na Zambia yake. Atafurahi."

Neno hilo lilimwingia Donat kama maji kwa mwenye kiu. Alitamani kulikubali. Lakini akilini alimwona binti yake akizeeka anasubiri simu, akimtetea mwanawe kwa majirani, mwishowe akimchukia kwa kudhani amemsahau. Marehemu hakustahili hilo.

Brigitte alitoka na sahani ya bukari, ugali wa mahindi, na kuku. "Caleb, unakulaka pilipili?"

"Brigitte, weka sahani chini."

"Juu ya nini, Papa?"

"Weka chini, mama," Donat alimwambia binti yake.

Aliiweka. Donat akamshika mikono yote miwili, akamwambia. Mwanzoni Brigitte hakupiga kelele. Alimgeukia Caleb, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ile siku, alikula?"

"Alikula, mama. Bukari na samaki ya kapenta. Alikula mingi, na alitucheka."

Hapo ndipo Brigitte alipoanguka, na baba yake akaanguka naye, maana hakumwachia.

Kiangazi kilipokomaa, Caleb aliwapeleka. Kaburi lilikuwa mahali aliposema, na msalaba wa mbao wenye jina la David. Brigitte alipiga magoti akang'oa majani kwa vidole, taratibu, akimweleza mwanawe habari za nyumbani: nani ameolewa, nani amehamia mtaa wa Katuba. Donat alisimama kando, kofia mkononi. Caleb ndiye aliyeanza Baba Yetu. Mzee alimsikiliza mpaka kwenye mkate wa kila siku, ndipo naye akaanza kusali pamoja naye.