Hodi ya Mtoto wa Ndani

Kampuni ilipoamua watu wafanyie kazi nyumbani, afisa utumishi alihamishia ofisi chumbani, kati ya kitanda na kapu la nguo chafu. Wenzake walimwita Mama Nidhamu, maana barua za onyo zote zilitoka kwake. Kwenye kompyuta alionekana kuanzia kifuani kwenda juu: blauzi iliyonyooshwa pasi, nywele zimebanwa. Chini alikuwa na khanga.

Kazini hakuna aliyejua ana binti wa miaka mitatu. Kazi hiyo aliipata baada ya kuhangaika na masomo ya jioni, na alishaona wenye watoto wadogo wakipewa pole badala ya cheo. Akanyamaza.

Siku moja Kifaranga, ndivyo walivyomwita binti huyo nyumbani, aliangua kicheko katikati ya kikao. Mkurugenzi akauliza kuna nini.

"Samahani, Bosi. Mtoto wa jirani."

Alipogeuka, kicheko cha Kifaranga kilikuwa kimekatika kama bomba lililofungwa.

Tangu hapo mtoto hakuingia tena chumbani. Akitaka maji husimama mlangoni, akabisha kwa vidole na kupiga hodi. Mama alifurahi, akidhani ni adabu. Bibi alipokuja kuwatembelea ndiye aliyemuuliza mjukuu wake mbona anabisha hodi kwao. Kifaranga akajibu, bila kinyongo, kwamba yeye ni wa jirani, ila hajui jirani yupi.

Bibi hakugomba. "Basi mwambie huyo jirani amshonee mwanawe kifungo cha gauni kilichokatika," alimwambia bintiye.

Mama akainama kuokota nguo ambazo hazikuwa zimeanguka.

Wiki hiyohiyo kikaitishwa kikao cha mtandaoni cha kumjadili dada mmoja wa huduma kwa wateja. Mtoto wake mchanga alilia dada akiwa kwenye simu na mteja, mteja akalalamika. Mkurugenzi alitaka arudi ofisini au aache kazi. Dada akaeleza kwa sauti ndogo kwamba hana wa kumwachia mtoto. Begani mwake kulikuwa na doa la maziwa, naye alilifunika kwa kiganja.

"Mtazame Mama Nidhamu," mkurugenzi akasema. "Yuko nyumbani kama wewe, na hata chafya hatusikii. Hebu mwambie mwenzio siri yako."

Mama akafungua mdomo. Mlango ukabishwa.

"Hodi."

"Mtoto wa jirani tena?" mkurugenzi akatania.

Uso ulimwaka Mama, na kwenye kidirisha chake kidogo cha kompyuta aliuona ukiwaka.

"Ni wangu, Bosi. Nilikudanganya. Ananyamaza kwa sababu nimemfanya aamini si wangu. Hiyo ndiyo siri, na siwezi kumfundisha mwenzangu."

 Mkurugenzi alikohoa, akasema suala la dada lisubiri, na kwamba kesho atazungumza na Mama Nidhamu, wawili tu. Hakutania tena. Dada alikuwa ametoa kiganja begani.

Mama akainuka, kamera ikiwa wazi, khanga ikionwa na wote, akafungua mlango. Kifaranga alikuwa na kikombe kitupu.

"Ingia, mama. Hapa ni kwenu, hupigi hodi."

Mtoto hakuingia. Alichungulia kompyuta, nyuso zile zote, kisha akamtazama mama yake, akingoja kuambiwa mara ya pili.

Mama akarudia, safari hii kwa sauti ya kusikiwa na wote.