Mita Haikusimama

Mkewe alikuwa ameshapakia mabegi, na watoto walikuwa garini wakigombania dirisha. Fundi bomba peke yake ndiye aliyekuwa bado anazunguka nyumba na ndoo, akimwaga maji kwenye kila tundu la sakafu. Wiki tatu za likizo si mchezo. Maji yanayokaa kwenye mkunjo wa bomba chini ya tundu yakikauka, harufu ya mtaro mzima huhamia sebuleni.

Mama yake hasafiri, magoti yamemkatalia. Alimjazia mapipa mawili ya maji, kisha akafunga koki kubwa ya nyumba, bomba lisije likapasuka mama akiwa peke yake.

"Umenifungia maji kama mpangaji mkorofi," mama alisema kutoka kitandani.

"Ni kwa usalama wako, mama."

"Usalama! Nimewaambia kuna kitu kinanong'ona chini ya kitanda, mkanicheka."

"Panya huyo."

"Panya gani asiyepumzika hata kula?"

Akacheka, akatoka kwenda kwenye mita. Ndivyo anavyowaambia wateja wake wote: funga kila kitu, halafu katazame mita; ikizunguka, kuna panapovuja. Akachuchumaa. Kile kigurudumu chekundu kilikuwa kinazunguka, taratibu, kama chenye siku nzima mbele yake.

Alirudi akakaza koki mpaka kiganja kikamuuma. Bado kilizunguka. Basi maji yalikuwa yanapotea kati ya mita na koki, na bomba la hapo katikati lilipita chini ya chumba kimoja tu: cha mama.

Akakumbuka. Miaka kumi na miwili nyuma, akiwa ndani ya msingi wa chumba hicho, aliunga bomba kavu, bila gundi, apime urefu tu. Simu ikalia: mkewe amejifungua. Akatoka mbio. Kesho yake alikuta vibarua wameshafukia na kumwaga zege. Akajiambia, itashika. Hakumwambia mtu.

Alifunga koki ya kwenye mita yenyewe. Kigurudumu kikasimama. Akaingia chumbani kwa mama na spana, akapiga magoti, akawa anagonga sakafu kwa mpini. Mlangoni, ko. Katikati, ko. Karibu na kitanda ikalia kama debe tupu. Mguu mmoja wa kitanda, ule wa ukutani, ulikuwa umezama kidole kizima.

"Kimenyamaza," mama akasema. "Umekifanya nini?"

"Mama, usishuke upande huo."

"Kumbe unamwogopa panya?"

"Si panya. Ni mimi. Kosa langu la siku nyingi. Nipe mkono, polepole."

Mama alimtazama. Akanyoosha mkono.

Nje mkewe akapiga honi. Chini ya kitanda kipande cha zege kikameguka, kikadondoka. Ilichukua muda kabla hawajakisikia kikiingia majini.