Kivuli cha Zahanati

Jumanne moja saa tatu asubuhi, Muhonja alitoka kumwaga maji ya vyombo akakuta mteremko wa nyuma ya nyumba yake, pale mtaa wa Mowlem, umeingia kivuli. Alitazama juu. Hapakuwa na mti wala ghorofa, ila jua na nyaya za stima. Kivuli chenyewe kilikuwa na paa, ukuta mrefu, mlango ulio wazi na madirisha sita. Kwenye kila dirisha palianguka kipande cha jua.

Akaelewa. Jumamosi iliyopita watu wa ofisi ya miradi walikuwa wamesimika kibao kwenye kiwanja kitupu kilicho juu ya mteremko: ZAHANATI YA KISASA. MRADI UMEKAMILIKA. Walikata utepe, wakala pilau, wakaenda zao. Jengo halikuja. Kivuli kilikuja.

"Angalau kimoja kimefika," alisema Luseno, mumewe, akahamishia kiti chake kivulini.

Muhonja alikuwa amestaafu kiwanda cha nyuzi, na kwa miaka sita mteremko ule ulikuwa umemshinda. Jua liliunguza sukuma wiki, na mvua ilishusha udongo wote mtoni. Sasa alimpigia simu bintiye, Lorine, aliyefanya kazi kwenye shamba la maua Limuru, akamuuliza ni mmea gani unaopenda kivuli. Lorine akaja na gunia la mizizi.

"Inaitwa hosta," alisema. "Hii watu hupendea majani. Ila juani usiiweke, itaungua."

Muhonja akaokota mawe ya mabomoko, akajenga ngazi tano kuzuia udongo, akamwaga samadi, akapanda. Kufikia mvua za pili majani yalikuwa mapana kama sinia, mengine ya kijani kilichokolea, mengine yamezungushiwa ukingo mweupe. Palipoangukia jua la madirisha hosta ziliungua, akazing'oa akapanda dhania. Konokono aliwatoa kwa mkono kila asubuhi.

Wagonjwa nao walianza kuja. Walipanga foleni kuanzia kwenye kivuli cha mlango, wakangoja mpaka saa kumi, wakarudi nyumbani. Hawakulalamika zaidi ya walivyokuwa wakilalamika kwingine.

Nyawira, jirani aliyeuza viazi karai, alikuwa kwenye foleni hiyo uchungu ulipomshika, saa nane mchana.

"Mama Lorine, inakuja! Barabarani siwezi fika!"

Muhonja alimlaza kwenye ngazi ya tatu, juu ya leso, kati ya hosta mbili kubwa. Hakuwa mkunga, lakini alikuwa amezaa watano. Mtoto wa kike akatoka akilia. Luseno akaenda kuchemsha maji na kulia kidogo jikoni.

Wiki iliyofuata alikuja Bwana Githinji, afisa wa miradi, na daftari. Aliingia kwa kupitia mlangoni, akajipangusa viatu. Akaandika: mtoto wa kwanza kuzaliwa zahanatini, salama. Akampa Nyawira kitabu cha kliniki kilichokwisha kupigwa mihuri ya chanjo zote. Kisha akatazama bustani.

"Mama, hii mimea iko ndani ya wadi ya wazazi. Itabidi ing'olewe."

Muhonja alisimama mbele ya hosta zake. Akauliza, "Na nesi wa hii wadi ako wapi?"

"Ameajiriwa tangu mwezi wa tatu."

"Mimi simwoni."

"Angalia chini, mama."

Kivuli cha mwanamke mwenye kofia ya nesi kilipita juu ya majani, polepole, kikaingia chumba cha pili.

"Basi nitamwambia anisaidie na konokono," alisema Muhonja. "Lakini mimea yangu sing'oi. Hapa ndipo mtoto alizaliwa. Ukitaka kung'oa, anza na mimi."

Githinji alifikiri. Akazihesabu hosta, moja moja, zikawa arobaini na mbili. Akaandika: vitanda arobaini na viwili.

"Basi zikae," alisema. "Lakini kusipungue hata kimoja." Akatoka kwa kupitia mlangoni.

Mtoto alipofikisha wiki sita, Nyawira alimfunga mgongoni akampeleka kliniki ya mbali, yenye kuta. Alirudi jioni miguu imemvimba.

"Wamekataa kumdunga," alimwambia Muhonja. "Wanasema kitabu kinaonyesha alishachanjwa."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia aliyemchanja ni kivuli. Nesi akasema wao pia wako na mmoja hivyo, na hufanya kazi vizuri."

Mwezi uliofuata kikawekwa kibao cha pili, AWAMU YA PILI IMEKAMILIKA, na kivuli kikapata ghorofa. Kikashuka hadi ukingoni mwa mto. Lorine akaleta gunia jingine la mizizi, kwa kuwa nafasi sasa ilikuwepo. Muhonja alichimba mashimo mapya siku nzima. Nyawira aliketi kwenye ngazi ya tatu, akamfunika mtoto, akaweka kiganja kwenye paji lake la uso, akakitoa, akakiweka tena. Joto la mtoto lilikuwa linapanda, na kiganja ndicho kipimo pekee kilichokuwepo katika zahanati nzima, ghorofa zote mbili.