Digrii Moja kwa Kila Dakika

Jumanne moja, saa tisa alasiri, Leonidas Cubides alifunga mlango wa chumba cha kufulia, akakaa kwenye kiti alichokuwa ameking'oa kwenye basi bovu, akawasha kompyuta. Kule mbele ya nyumba, bintiye Yamile alikuwa akimkausha nywele mteja wake wa tatu. Mji wote wa Villavicencio ulikuwa umelowa jasho, kama kawaida kabla ya mvua.

Leonidas alikuwa na miaka sabini na moja. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa ndege kuukuu za propela mbili, zile za enzi za vita, ambazo mpaka leo hupeleka bia na saruji kwenye vijiji vya msituni na kurudi na samaki wakavu. Alipostaafu alinunua programu ya kuigiza urushaji ndege, akaunda usukani na pedali kwa mikono yake mwenyewe.

Hata ya kwenye kompyuta, ndege hiyo haikuwa na adabu. Ikiwa chini, mkia ulilala na pua ikaziba njia yote, ikabidi uiendeshe upogoupogo kama mlevi anayetafuta kwao. Ukianza kupaa, mkia uliinuka na kutaka kwenda upande wake. Lakini hayo Leonidas aliyazoea. Kilichomshinda ni rubani-otomatiki.

Marubani wa zamani walimwita Kiziwi, kwa sababu hasikii redio wala hajui njia. Unamwelekeza upande, naye anaushikilia. Anaongozwa na kigurudumu cha shaba kinachozunguka kwa kasi ndani ya kisanduku, na kigurudumu hicho huchoka na kudanganya kidogo, ndiyo maana kila robo saa rubani hutazama dira na kumrekebisha. Hilo kila fundi analijua. Ila Kiziwi wa Leonidas alipinda digrii moja kwa kila dakika, daima kushoto, na katika safari moja tu: ile ya kutoka kijiji cha Miraflores kurudi Villavicencio.

Alikuwa ameifuta programu na kuiweka upya mara tatu. Aliwauliza wapenzi wenzake wa ndege mtandaoni. Mmoja alimjibu, "Mzee, ondoa kiwiko kwenye usukani." Leonidas akainua mikono yote miwili hewani kama mtu anayeporwa. Ndege ikapinda kushoto.

"Sielewi," alimwambia Yamile.

"Wewe Baba, hata rimoti ya televisheni huielewi."

Jumanne hiyo aliamua kuiacha ipinde aone inakokwenda. Katika dakika ya thelathini na nne, ikiwa ndani ya wingu zito, alisikia mapipa yakigongana nyuma yake. Alibonyeza kitufe cha kugeuza macho kuelekea sehemu ya mizigo. Kapteni Anselmo Riaño alikuwa amepiga magoti, akiyafunga mapipa matupu kwa kamba. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongoni. Alikuwa amekufa mwaka 1991 katika safari hiyohiyo ya kurudi, ndege yake ilipogonga milima ya Macarena.

"Leonidas, unangoja nini, bwana? Shika ncha hiyo."

Kamba ilikuwa imetokeza kwenye skrini na kulala juu ya kibodi. Leonidas akaishika, akavuta. Ilikuwa na unyevu na ilinuka petroli.

"Nikuulize," Kapteni alisema bila kuinua kichwa. "Kile kigurudumu cha Kiziwi, ulikibadilisha?"

"Sijui, Kapteni."

"Hujui vipi, na sahihi kwenye kitabu cha matengenezo ni yako?"

"Sahihi ni yangu. Nakumbuka nikikibadilisha. Tena nakumbuka sikukibadilisha."

Kapteni alilifikiria jambo hilo huku akikaza fundo. "Basi kifungue ukione. Mimi mikono imejaa."

Katika dakika ya arobaini ndege iligonga mlima, na skrini ikauliza kama anataka kuanza upya. Yamile aligonga mlango.

"Baba, wateja wanasema kunanuka petroli."

"Ni Kapteni Riaño."

"Basi fungua dirisha. Nina rangi kwenye kichwa cha mtu huku."

Kesho yake Leonidas aliruka tena, akiwa na bisibisi. Alipofika kwenye wingu alifungua kisanduku cha Kiziwi, akapitisha mkono na kukitoa kigurudumu. Kilikuwa kizito kama embe na chenye joto. Beringi zake zilikuwa zimelika. Kila kipuri kipya alichofunga maishani mwake alikichora msalaba mdogo kwa ncha ya msumari. Hiki hakikuwa na msalaba popote. Alipokishika kiganjani, kumbukumbu moja kati ya zile mbili iliondoka, ikabaki nyingine: mkuu wa karakana amesimama na kalamu saa kumi na mbili asubuhi, akisema, "Tia sahihi, Cubides. Kipya kinakuja Jumatatu." Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Rubani msaidizi alikuwa hoi kwa malaria na kampuni ilikuwa imemwambia Kapteni aende peke yake. Ripoti ya ajali ilisema kwamba rubani alilala. Ilikuwa na kurasa kumi na mbili, na sahihi ya Leonidas ilikuwa ukurasa wa tisa.

Alikaa kwenye kiti cha basi mpaka mvua ikaisha. Hakuelewa ni nani yule aliyekuwa akimwona kichwani kwa miaka thelathini na miwili, yule fundi mwenye bisibisi aliyeinama na kuifanya kazi vizuri.

Mjane wa Kapteni, aliyeitwa kwa heshima doña Rosalba, alikuwa akipiga pasi Leonidas alipofika kwake. Leonidas alikiweka kigurudumu mezani, akamweleza yote, pamoja na habari ya kamba na mapipa. Rosalba alichomoa pasi ukutani.

"Kwa hiyo hakulala."

"Hakulala. Alikwenda kuyafunga mapipa. Kiziwi akampotezea njia."

"Miaka thelathini na miwili nimekuwa mjane wa mtu aliyelala kazini. Mwanangu shuleni walimwita Usingizi. Mpaka leo, mtu mzima, wanamwita Usingizi. Na wewe ulijua."

"Sijui kama nilijua, doña Rosalba. Kichwani mwangu nilikuwa nimekibadilisha."

Rosalba alimzaba kofi moja, si kali sana. Kisha akamletea maji ya mapera, kwa sababu kulikuwa na joto, akavaa viatu vya kutokea.

Walikwenda pamoja mpaka Bogotá, kwenye ofisi inayotunza ripoti za ajali za ndege. Karani mmoja wa kike mwenye miwani alikipindua kigurudumu, akalinganisha namba na iliyokuwa kwenye faili.

"Ndicho chenyewe," alisema. "Kimepatikana wapi?"

"Nimekitoa kwenye kompyuta."

Karani akaandika: kompyuta. Kisha akasoma ukurasa mwingine, akavua miwani. "Tatizo ni kwamba pingamizi zilipaswa kuletwa ndani ya siku tisini tangu ripoti itoke."

"Ndani ya siku tisini, binti yangu, mimi nilikuwa bado natafuta mwili," alisema Rosalba.

"Pole, mama. Nitaliandika na hilo."

Aliliandika kweli, kwa herufi nzuri. Akakibakiza kigurudumu, akawapa kikaratasi chenye mhuri. Nje, Leonidas alisema angeomba kuhojiwa, hata afungwe. Alirudi ndani kuuliza. Akaambiwa kwamba kwa kosa la zamani namna hiyo hakuna fomu.

Jioni hiyohiyo aliruka, akitumaini kwamba bila kigurudumu kile mambo yangekwenda sawa. Alifungua kisanduku. Kigurudumu kilikuwemo, cha moto, bila msalaba, na ndege ilikuwa inapinda kushoto.

Alhamisi iliyofuata Rosalba alikuja na mkoba na kitambaa cha kichwani, akakaa kulia kwake kwenye kiti cha plastiki cha saluni. Safari ya kwanza Leonidas alitaka kumfurahisha. Kila dakika alitazama dira na kumnyoosha Kiziwi, wakatua Villavicencio salama kabisa. Alipobonyeza kitufe cha kutazama nyuma, kulikuwa na mapipa yaliyofungwa vizuri na hakuna mtu.

"Yuko wapi?"

"Sijui. Labda ameshuka."

"Ukiinyoosha hayupo," alisema Rosalba baada ya kufikiri. "Basi usiinyooshe."

Tangu hapo kila Alhamisi wanaiacha ipinde. Kuanzia dakika ya thelathini na nne hadi ya arobaini Rosalba humgeukia mumewe, nao hugombana kidogo juu ya mparachichi ambao mke aliuuza na shamba ambalo mume alikataa kuliuza. Leonidas hukaa katikati yao akitazama mbele, haelewi ainue mkono aiokoe ndege au awaachie dakika zao. Mara mbili mkono umemtoka wenyewe, na mara zote mbili Rosalba ameushika na kuurudisha pajani mwake. Wateja wa Yamile huleta pamba zao za kuziba pua.

Barua ya ofisi ilifika mwezi wa Novemba. Rosalba alikuja nayo bila kuifungua, akaifungulia ndani ya wingu, akaisoma kwa sauti: wamepokea kipuri, wanamshukuru mwananchi Cubides, ripoti inabaki kama ilivyo. Jina la mkuu wa karakana halikutajwa. Kampuni ilikuwa bado inarusha ndege. Moja ilipita juu ya bati la nyumba wakati ule ule, ikabidi asome sentensi ya mwisho mara mbili.

"Wanasemaje?" Kapteni aliuliza kutoka nyuma.

"Wanasema ulilala, Anselmo."

Pipa moja lilibingirika, Kapteni akalizuia kwa goti.

"Nilale saa ngapi," alisema, "na kazi yote hii?"