Eleza Mwito Wako

Fundi Barafu hakuwa mtu wa kukaa. Mke wake alikuwa akisema viti vya nyumbani kwao ni vya wageni, maana mwenye nyumba alikalia ncha tu, dakika mbili, halafu huyo, amesimama. Asubuhi ya kutahiniwa ndiyo ilikuwa balaa. Alivaa suruali, akavua, akavaa nyingine, akairudia ile ya kwanza, akamwaga chai, akazunguka nyumba nzima kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

"Baba watoto," mke wake akamwambia, "wakikuuliza swali, jibu ukiwa umesimama mahali pamoja. Usije ukawazungusha wachungaji vichwa."

Alicheka, akaketi kwenye ncha ya kiti, akasimama tena. Miaka ishirini alikuwa ametengeneza friji za watu. Minne amesoma theolojia darasa moja na vijana waliomwita mzee. Mwaka mmoja amehudumu kwa majaribio. Sasa kulikuwa kumebaki Presbiteri, yaani kikao cha wachungaji na wazee wa kanisa kutoka eneo zima. Kwa Wapresbiteri hakuna askofu wa kukushika mkono akakupitisha. Unasimama mbele ya watu hamsini, unaulizwa imani, unaulizwa katiba, unahubiri, na mwisho, kabla ya kura, unasimulia kwa mdomo wako mwenyewe jinsi Mungu alivyokuita. Wakiridhika, Jumapili unawekewa mikono, unakuwa mchungaji. Wasiporidhika, rudi kwenye friji zako.

Na hapo ndipo roho ilipokuwa juu, kwa sababu mwito aliouandika kwenye fomu haukuwa wake. Ulikuwa wa dada yake.

Hebu nieleze vizuri, maana mtu huyu hakuwa tapeli. Alipokuwa na miaka kumi na miwili na dada yake kumi na tisa, dada alirudi kutoka kanisani Jumamosi moja. Alikuwa akiosha vile vikombe vidogo vya divai ya Ushirika Mtakatifu, kimoja baada ya kingine, na katikati ya kazi akajua. Hakusikia sauti, hakuona mwanga. Alijua tu, kama unavyojua jina lako, kwamba ameitwa avibariki vikombe vile, si avioshe tu. Akamwambia baba yao, mzee wa kanisa wa enzi zile. Baba hakukasirika, afadhali angekasirika. Alitabasamu, akasema, "Vizuri, mwanangu. Ila Mungu amekosea mlango kidogo. Mvulana yuko chumba cha pili."

Basi mwito ukahamishwa chumba kama kitanda. Tangu siku hiyo baba akawa anamtambulisha mwanawe kwa wageni kama "mchungaji wetu," na mvulana akawa anajibu "ndiyo" kwa sababu ndivyo watoto walivyojibu. Dada akaenda kufua mashuka ya hospitali, akapanda mpaka kuwa msimamizi wa madobi wote, akaolewa, akalea. Jambo lile hakulitaja tena. Miaka mingi baadaye kanisa lilipoanza kuwawekea wanawake mikono, lilitangaza habari hiyo katikati ya tangazo la harusi na la mazoezi ya kwaya, na dada akatikisa kichwa tu, akaendelea kutafuta wimbo kitabuni.

Na Fundi Barafu mwenyewe alikuwa na nini? Alikuwa na friji. Mtu aliyepiga magoti nyuma ya friji, amekupa kisogo, utamwambia mambo ambayo huwezi kumwambia mchungaji uso kwa uso. Kina mama walimwambia habari za waume zao. Wazee walimwambia habari za watoto wasiopiga simu. Akaanza kuwaombea hukohuko nyuma, bisibisi mkononi. Kisha ikawa hawezi kuondoka kabla hajaomba. Kisha akawa anarudi hata kwenye nyumba ambazo friji zao ni nzima, anagonga, anasema alikuwa anapita tu. Hayo ndiyo aliyoyaandika kwanza, chini ya maneno ELEZA MWITO WAKO. Akayasoma, akaona aibu. Nani atamwekea mtu mikono kwa habari za gesi ya friji? Akachana karatasi, akaomba nyingine, akaandika habari ya vikombe. Mahali pa "dada yangu" akaweka "mimi," basi, dhambi ikaisha kwa mstari mmoja.

Alijipa moyo kwamba hatajua mtu. Dada alisali upande wa pili wa eneo, na tangu lini dobi akasoma fomu za Presbiteri?

Alipoingia kwenye uwanja wa kanisa, mtu wa kwanza kumwona alikuwa dada yake, amevaa koti la bluu, beji kifuani.

"Mdogo wangu!" Dada alimkumbatia mpaka miwani ikapinda. "Nilitaka nikushtue. Mzee wetu mwakilishi mguu umemvimba, wakasema nije mimi. Nitakaa mle ndani nakusikiliza mwanzo mwisho. Na kura ninayo!"

"Umenishtua, dada," akasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Akakimbilia jikoni kwa kisingizio cha maji. Friji ya ukumbi ilikuwa inanguruma vibaya, naye, suti na yote, akaivuta kutoka ukutani akapiga magoti. Alihitaji kitu cha kushika. Dada akamfuata, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mungu wangu! Suti niliyokupigia pasi kwa mikono yangu!"

"Imelegea skrubu tu."

"Aliyelegea ni wewe." Akacheka, akachukua kitambaa, akaanza kumfuta vumbi begani. "Usiogope. Wewe sema walichokuuliza, ukae chini. Baba angekuwepo leo angepasuka kwa furaha."

Ndipo angeweza kusema. Walikuwa wawili tu, mlango umerudishwa, na maneno alikuwa nayo mdomoni. "Dada, kuna kitu niliandika..."

"Utanisomea jioni. Simama nikuone." Akamgeuza huku na huku, akamweka tai sawa. Kengele ikalia. Naye akameza maneno yake, mwoga mkubwa, akaingia ukumbini.

Mahubiri yalikwenda. Maswali ya imani yalikwenda. Swali la katiba alilikoroga kidogo, karani akamsaidia kwa kukohoa. Halafu Moderata, yaani mchungaji anayeongoza kikao, akavua miwani na kusema kwa upole, "Sasa, ndugu yetu, tuambie ulivyoitwa."

"Nilikuwa kijana," alianza. "Jumamosi moja nilikuwa kanisani, naosha vikombe vya Ushirika..."

Karibu na dirisha dada yake akainua kichwa. Kwanza alitabasamu, tabasamu la mtu anayefikiri ameona nguo kama yake kwa mwenzake. Halafu tabasamu likaondoka. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa. Alitazama mikono yake mwenyewe pajani, ameiweka kiganja juu ya kiganja, na Fundi Barafu akaona kwamba akiendelea sentensi moja zaidi hataweza kumtazama tena dada yake usoni maisha yake yote.

"Samahani," akasema. "Hii si yangu. Hii ni ya dada yangu, yule pale. Ni yeye aliyeitwa. Mimi niliiandika kwenye fomu kwa sababu yangu niliiona ndogo."

Ukumbi ukaguna. Mzee mmoja wa nyuma akasema "Lo!" kwa sauti. Moderata akanyoosha mkono wakanyamaza.

"Na hiyo yako ndogo ni ipi?"

Basi akawaambia habari za friji. Alizisema vibaya, anarukaruka, anahama mguu huu na huu, hakusimama mahali pamoja hata kidogo. Alipomaliza wakamtoa nje ili wajadili. Alizunguka uwanja wa kanisa mara thelathini na kitu. Saa nzima ikapita.

Walipomwita, Moderata alikuwa na macho mekundu kidogo. Akamtangazia: amekemewa kwa fomu ya uongo, na kemeo litaandikwa kwenye kumbukumbu. Na amepitishwa. Ukumbi ukapiga makofi. Mchungaji mmoja akasema hajasikia ungamo kama lile tangu awekewe mikono, mwingine akamshika mkono hakutaka kuuachia. Alitoka mle anaelea, mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia, mpaka alipomkuta dada yake kwenye ngazi za nje wakati wa chai, kikombe mkononi, hanywi.

"Dada, nisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo."

"Ulinipigia kura?"

"Nilikupigia. Ile ya friji ni ya kweli, na mimi si mtu wa kukata mwito wa mtu." Akaweka kikombe chini. "Lakini nikuulize. Umesimama pale, umewaambia watu hamsini kwamba aliyeitwa ni mimi. Wamejadili saa nzima. Kama umekosa, kama umetubu, kama friji ni mwito au si mwito. Mimi nimekaa palepale dirishani. Unajua ni wangapi waliogeuka wakaniuliza neno?"

Alijua jibu. Na alijua kingine kibaya zaidi: wote hamsini walikuwa wamemwona dada leo tu, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekaa na jambo hili miaka thelathini na mitatu, amekulia nyumba moja naye, amekula meza moja naye, na hajawahi kuuliza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Dada," akasema, "ule mwito bado unao?"

"Unauliza leo?"

"Nauliza leo. Nimechelewa, najua."

Dada alimtazama usoni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili aliyezika mume na wazazi bila kulia mbele ya watu, na sasa machozi yalimtoka akayaacha yashuke. "Kila siku," akasema. "Kila siku ya Mungu. Nilijaribu kuuzima, haukuzimika."

Karani akatokea mlangoni kuwaita wajumbe kwa kipindi cha mwisho. Dada akajifuta uso kwa viganja vyote viwili, akanyoosha koti, akapandisha beji. Fundi Barafu akamfuata, karani akamzuia kwa mkono: mtahiniwa akishamaliza hana nafasi mle ndani. Akabaki kizingitini, shingo ndani, miguu nje.

Wakapitisha tarehe ya kikao kijacho. Wakapitisha ukarabati wa paa. Moderata alikuwa tayari ameshika kitabu cha nyimbo kwa ajili ya kufunga.

"Mengineyo?" akauliza, bila kuinua macho.

Kiti kikakwaruza sakafu karibu na dirisha.

"Yapo," dada yake akasema.